Baiskeli ya mlimani ya umeme inapokuwa nzito kwenye 25: mwongozo kamili wa kukanyaga kupita kikomo cha mota

Malalamiko ni yale yale hapa Nakuru, kutoka Lanet hadi Njoro. Baiskeli inakwenda vizuri, skrini inasoma kilomita 23, 24, 25 kwa saa, halafu ghafla utadhani mtu ameshika breki. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi, mota inafunguliwa, grisi inabadilishwa, pesa zinalipwa. Jumapili inayofuata uzito uko pale pale. Wengine huishia kutafuta mtu wa "kufungua spidi", yaani kuidanganya mota isikome kwenye kikomo chake, na hapo ndipo matatizo ya kweli huanza.

Mara nyingi mota haina kosa lolote. Ukipita kikomo, yaani mwendo ambao mota imepangiwa kukoma, mota inaacha kusaidia, na kazi yote ya kusukuma matairi na kupasua hewa inarudi kwa miguu yako kwa mara moja. Kazi hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, ila hukuwa ukiifanya wewe. Usimruhusu mtu aguse bisibisi kabla hujapima. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaondoa mshukiwa mmoja.

## Vitu vya kuandaa

- Baiskeli yenyewe, betri ikiwa na chaji zaidi ya nusu
- Pampu yenye geji inayosomeka vizuri
- Simu yenye programu ya kupima mwendo kwa GPS, na kishikio imara cha kuiweka kwenye usukani
- Chaki na futi ya kupimia ya mita 3 au zaidi
- Funguo za pembe sita, brashi kuukuu, kitambaa kikavu na mafuta ya cheni
- Karatasi nyeupe (utaona kazi yake)
- Helmeti, glavu na taa ya nyuma
- Rafiki mmoja wa kukushikia baiskeli na kukuangalizia magari

Mafuta ya cheni yawe ya baiskeli, yale mepesi ya mazingira makavu. Oili chafu ya gari hushika vumbi letu la majivu ya volkano na kuligeuza tope la kusagia chuma.

### Barabara ya kupimia

Hili linastahili aya zake, kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vya watu wengi. Mji wa Nakuru umekaa kati ya kreta ya Menengai na ziwa, kwa hivyo ardhi yake inateremka kuelekea ziwani. Barabara inayotoka upande wa Menengai kwenda upande wa ziwa si tambarare hata kama macho yanakuambia hivyo. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100 hauonekani ukiwa juu ya kiti, lakini kwa uzito wa jumla wa kilo 100 (wewe pamoja na baiskeli) unakudai karibu wati 68 zaidi ukiwa kwenye kilomita 25 kwa saa. Hapo utaapa kwamba mota inakuvuta nyuma.

Tafuta barabara inayokwenda mashariki na magharibi, ikifuata ubavu wa mteremko. Iwe ya lami, nyoofu, ya mita 500 hivi, isiyo na matuta. Nenda Jumapili asubuhi na mapema. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret usiifikirie hata kidogo: upepo wa trela moja likikupita unatosha kuharibu kipimo, na trela la pili linaweza kuharibu zaidi ya kipimo.

Walio Kisumu wana bahati. Uwanda wa Kano ni tambarare kwelikweli, na njia ndogo za kuelekea mashamba ya mpunga ya Ahero zinafaa kuliko barabara kuu. Maliza kabla jua halijapanda, maana baadaye upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na namba zako hazitakuwa na maana.

## Hatua ya 1: Jua kikomo chako ni kipi hasa

Si kila baiskeli hukatia 25. Inategemea ilitengenezewa soko gani.

Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya hufuata kanuni ya mota ya wati 250 na msaada unaokoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Ukiona kibandiko chenye maandishi EN 15194 kwenye fremu, ni hizo. Za soko la Marekani husaidia hadi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Huko lipo pia daraja la kasi linalofika maili 28, yaani 45, ingawa ni nadra kulikuta kwenye baiskeli ya mlimani.

Sasa hakikisha skrini inasema kweli. Mwendo hupimwa na sensa inayohesabu mizunguko ya gurudumu la nyuma, mara nyingi kwa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye spoki au kwenye diski ya breki. Kompyuta huzidisha mizunguko hiyo kwa mzingo wa tairi uliowekwa kwenye mpangilio. Mtu akibadilisha tairi bila kubadilisha namba hiyo, skrini inadanganya.

Pima hivi. Chora alama ya chaki pembeni mwa tairi la nyuma na nyingine sakafuni, zikutane. Kaa juu ya baiskeli, rafiki akushike, kisha usogezwe mbele polepole hadi alama ya tairi irudi chini tena. Weka alama ya pili sakafuni na upime umbali. Ni lazima uwe umekaa, kwa sababu tairi likikandamizwa na uzito wako mzingo wake hupungua kidogo.

Tairi la inchi 29 lenye upana wa 2.4 hutoa karibu milimita 2,300. Kama mpangilio unasema 2,200, skrini ikisoma 25 wewe uko kwenye 26.1. Weka namba ya kweli. Najua kuna wanaoitumia namba hii kuidanganya mota. Wanachopata ni skrini isiyoaminika na, kwenye mifumo mipya, mota inayokataa kazi.

Umefaulu ukiona: GPS ya simu na skrini ya baiskeli zinatofautiana kwa chini ya kilomita 1 ukiwa kwenye mwendo usiobadilika. GPS huchelewa sekunde moja au mbili, kwa hivyo usilinganishe ukiwa unaongeza kasi.

## Hatua ya 2: Ondoa kila kinachoshika

Breki kwanza. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Sikiliza. Diski iliyopinda kidogo hutoa sauti ya "shwi... shwi... shwi", mara moja kwa kila mzunguko. Pedi zinazobana muda wote hutoa mkwaruzo usiokatika, na gurudumu husimama mapema. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa (kibano cha breki kinachoshika diski), uchungulie kutoka upande wa pili: unatakiwa kuona mstari mwembamba wa mwanga kila upande wa diski. Ukiona upande mmoja tu, legeza boliti mbili za kalipa, bana breki kwa nguvu, kaza boliti ukiwa bado umebana, kisha uachilie. Mara tisa kati ya kumi mstari wa pili utatokea.

*Tahadhari:* usiishike diski kwa vidole vyenye mafuta ya cheni, na usiiguse kabisa baada ya kuteremka kutoka Menengai. Inachoma hadi nyama.

Hewa ya matairi. Hapa ndipo nusu ya lawama za mota hukaa. Kwenye njia za msituni, psi 20 hadi 25 ni sawa kwa tairi pana, kwa sababu unahitaji lishike ardhi. Kwenye lami tairi hilo hilo linajikunja kila linapozunguka, na kila mkunjo unakula nguvu. Tofauti kati ya tairi lenye meno lililolegea na lile lililojazwa vizuri inaweza kufika wati 50 kwenye kilomita 25 kwa saa.

Kwa lami, anza na psi 35. Soma kwanza kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kile cha rimu, ufuate kilicho kidogo. Baadhi ya rimu za kisasa zisizotumia tyubu haziruhusu hewa nyingi, na tairi linaweza kuruka kutoka kwenye rimu kwa mlio wa bunduki.

Cheni. Brashi, kitambaa, tone moja kwa kila pingili, zungusha, futa kilichobaki nje. Basi.

Shokabzoba. Kama zina swichi ya kufunga, zifunge ukiwa kwenye lami. Ukikanyaga kwa nguvu huku baiskeli inadunda, sehemu ya nguvu inaishia kuibana springi.

## Hatua ya 3: Jaribio la kuserereka

Hili ndilo jaribio litakalokuambia mshukiwa ni nani, na halihitaji fundi.

Kwenye baiskeli yenye mota ya katikati, pale pedali zilipo, ukiacha kukanyaga friwili ya nyuma inatenganisha gurudumu na cheni. Mota haiwezi kukuvuta, kwa sababu haijashikana na gurudumu. Kwa hivyo ukiserereka bila kukanyaga, kinachokupunguza mwendo ni matairi, hewa, breki na beringi tu.

1. Ongeza mwendo hadi 28, kisha acha kukanyaga. Kaa wima, mikono pale pale.
2. Rafiki akikufuata kwa baiskeli ni kazi bure. Tumia simu irekodi mwendo, au uhesabu sekunde mwenyewe kutoka 25 hadi 15.
3. Rudia ukielekea upande wa pili wa barabara. Fanya mara kadhaa kila upande.

Kwa uzito wa jumla wa kilo 100, lami nzuri na hewa tulivu, hesabu ya fizikia inatoa sekunde 12 hadi 17 hivi, kutegemea tairi. Ikiwa pande zote mbili unapata chini ya 10, kuna kinachoshika: rudi hatua ya 2. Ikiwa upande mmoja ni 9 na mwingine 25, barabara yako ina mteremko au kuna upepo, tafuta nyingine.

Umefaulu ukiona: namba za pande mbili zinakaribiana na ziko ndani ya kiwango hicho.

Kama kuserereka ni kuzuri lakini kukanyaga juu ya kikomo ni kuzito, sasa ndiyo tuitazame mota.

### Mota ya katikati

Zima umeme kabisa. Inua gurudumu, zungusha pedali mbele kwa mkono. Mota nyingi za kisasa zina klachi inayoziachilia pedali zisizungushe moyo wa mota. Utahisi uzito mdogo tu. Bosch Performance Line CX iliyoanza na modeli za 2020 iko hivyo, na mota za Brose vilevile.

Bosch za kizazi kilichotangulia ni habari nyingine, nazo ziko nyingi kwenye mtumba. Utazitambua kwa gia ya mbele ndogo isiyo ya kawaida, ya meno 14 hadi 20. Ndani kuna giaboksi inayoizungusha gia hiyo mara 2.5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Ukipita 25, giaboksi hiyo bado inazungushwa na miguu yako. Uzito wake ni wa kweli, umo kwenye muundo, na hakuna grisi ya Nakuru itakayouondoa. Ukiwa na baiskeli hiyo, panga safari zako chini ya kikomo na uwe na amani.

### Mota ya gurudumuni

Hapa kuserereka kunakuambia zaidi, kwa sababu mota imo ndani ya gurudumu lenyewe. Ile ndogo yenye gia za ndani kwa kawaida ina klachi na huzunguka huru. Ile kubwa, pana, isiyo na gia, huzunguka muda wote pamoja na sumaku zake. Ukiisukuma polepole kwa kidole utahisi inasita, inakubali, inasita tena. Hiyo ni kawaida yake.

Isiyo ya kawaida ni ile inayokataa kabisa kuzunguka, ukisukuma inarudisha nguvu nzito hata umeme ukiwa umezimwa. Chomoa waya mkubwa unaotoka kwenye mota kwenda kwenye kontrola (kisanduku kinachoiongoza mota), kisha zungusha tena. Ikiwa sasa ni nyepesi, kontrola imeungua na kufunganisha nyaya za mota. Badilisha kontrola, mota iache. Ikiwa bado ni nzito, ndipo beringi na klachi zichunguzwe, na hapo fundi ana kazi halali.

## Hatua ya 4: Elewa nguvu inayodaiwa

Uvumilivu kidogo na namba, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini unahisi ukuta.

Chukua kilo 100 za jumla, tairi lenye meno ya wastani, umekaa wima, lami tambarare ya Nakuru kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850. Kwa makadirio, bila kuhesabu kinachopotea kwenye cheni:

- Kilomita 25 kwa saa: wati 175
- Kilomita 28: wati 223
- Kilomita 30: wati 260

Kutoka 25 hadi 30 ni kilomita 5 tu, lakini bei imepanda karibu nusu. Nguvu ya kupasua hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukiongeza mwendo kwa asilimia 20, hewa inadai asilimia 73 zaidi. Na hapa juu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko Mombasa. Kisumu ni karibu sehemu moja ya kumi. Ungekuwa pwani ungelipa zaidi. Ila mapafu nayo yanapata oksijeni kidogo huku juu, kwa hivyo usishangilie sana.

Sasa tazama mota ilikuwa inalipa kiasi gani. Bosch CX kwenye Turbo, kiwango cha juu kabisa cha msaada, huongeza hadi asilimia 340 ya nguvu yako. Kwenye Eco, kile cha chini, huongeza 60. Ukiwa kwenye 25 na unahitaji wati 175:

- Turbo: wewe unatoa wati 40, mota inatoa 135.
- Eco: wewe unatoa 109, mota inatoa 66.

Pita kikomo. Aliyekuwa Turbo anaruka kutoka wati 40 hadi 175 na zaidi kwa sekunde chache. Aliyekuwa Eco anatoka 109. Baiskeli ni ile ile, barabara ni ile ile, ila mmoja amegonga ukuta na mwingine amepanda ngazi fupi. Ukisahau kila kitu kingine kwenye mwongozo huu, shika hili: Turbo ndiyo inayoujenga ukuta.

## Hatua ya 5: Andaa gia na miguu kabla ya kufika

Watu wengi hufika kwenye 25 wakiwa kwenye gia nzito kuliko zote, miguu ikizunguka polepole. Mota ikiondoka, hawana pa kwenda.

Kwa gia ya mbele ya meno 34 na tairi la inchi 29:

- Gia ya nyuma ya meno 11: kwenye 25 unazungusha pedali mara 59 kwa dakika. Polepole mno, magoti yanalia.
- Ya meno 13: mara 69.
- Ya meno 15: mara 80. Hapa ndipo.

Vuka ukiwa kwenye 15. Ukifika 28 utakuwa kwenye mizunguko karibu 90, kisha shuka hadi 13 na miguu itulie kwenye 78 hivi. Kuhesabu mizunguko bila kifaa ni rahisi: hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha kwa nne.

Badilisha gia ukiwa kwenye 22 au 23, na ulegeze mguu kidogo wakati cheni inahama. Mota ya katikati inavuta cheni kwa nguvu yako pamoja na yake. Ukibadilisha huku umekanyaga kwa hasira utasikia "kaa!", na siku moja pingili itaachia ukiwa mbali na nyumbani.

Punguza msaada kwanza. Ukiwa umebakisha mita 200 kabla ya kuvuka, toka Turbo, ingia Eco. Mwendo utashuka kidogo. Uurudishe kwa miguu yako mwenyewe, pumzi ikiwa bado ipo.

Umefaulu ukiona: kwenye 24 tayari unapumua kwa kina, miguu inazunguka upesi, na hujabana usukani.

## Hatua ya 6: Vuka, usikae mpakani

Hapa tabia ya mota inahusika. Nyingi hazikati ghafla. Zinaanza kufifia karibu na kikomo na kuzima kabisa kidogo baada yake. Ukikaa kati ya 24.5 na 26, mota inawaka, inafifia, inawaka. Unasukumwa, unaachwa, unasukumwa. Hakuna mahali panapochosha kama hapo.

Chagua upande mmoja. Ama kaa 23 ukae na msaada, ama vuka moja kwa moja hadi 27 au 28 ukatulie huko. Tumia mteremko mdogo au upepo wa mgongoni kuvukia, si mlima.

Wakati wa kuvuka utasikia mambo matatu kwa mfuatano. Mlio mwembamba wa mota unakatika. Kisha unasikia matairi yako kwa mara ya kwanza, yale meno yakivuma kwenye lami. Kisha mguu unakutana na pedali ngumu zaidi, kwa mizunguko mitatu au minne. Usiongeze nguvu papo hapo. Endelea kwa mzunguko ule ule, kunja viwiko, shusha kifua. Ukiinama vizuri unaweza kuokoa wati 20 na ushei kwenye 28, na hizo ni nyingi kwa mtu anayetoa 223.

*Tahadhari:* kuinama kusikufanye uondoe vidole kwenye breki wala macho kwenye barabara. Matatu haitoi ishara kwa ajili ya mazoezi yako, na boda ikikata mbele yako utakuwa na chuma cha kilo 24 cha kusimamisha pamoja na mwili wako.

Umefaulu ukiona: unakaa 27 au 28 kwa dakika moja nzima, namba haichezi, na ukishuka chini ya kikomo mota inarudi bila kukushtua.

Dakika moja inatosha kwa kuanzia. Halafu dakika tatu chini ya kikomo kwa msaada, kisha nyingine juu. Ongeza muda wiki kwa wiki. Mtu wa kawaida asiye na mazoezi hawezi kutoa wati 223 kwa saa nzima, na hakuna aibu.

Barabara ya Njoro inafaa kwa zoezi hili wakati wa kurudi. Njoro iko juu kuliko mji, kwa hivyo unapanda kwa mota na kurudi kwa mvuto wa ardhi. Ina magari mengi, wanafunzi wa Egerton na wauza mboga pembeni; chagua saa yako. Kule kwenye vijia vya Menengai, kwa upande mwingine, kikomo utakisahau. Mwendo ni mdogo, mota iko nawe karibu muda wote, na baiskeli inafanya kazi iliyozaliwa kufanya. Kama safari zako nyingi ni za lami, vaa matairi yenye mstari laini katikati kabla ya kununua kitu kingine chochote. Na kama ni lami peke yake, sema kweli: ulinunua baiskeli isiyokufaa.

## Kuhusu kufungua spidi

Usifanye. Mifumo mipya ya Bosch inatambua udanganyifu na kuishusha mota kwenye hali ya dharura, ambapo msaada unabaki kidogo tu. Waranti inakufa. Ukiifungua mota ya wati 250 ikusukume hadi 35, inafanya kazi kwa joto ambalo haikupangiwa, na betri iliyokufikisha Njoro na kukurudisha inaishia njiani. Pedi za breki nazo zitakwisha upesi, na hizo ndizo zinazokusimamisha mbele ya ng'ombe.

## Ukikwama

Inakatia 20 badala ya 25. Sumaku imesogea, mzingo umewekwa vibaya, au kikomo kimepunguzwa kwenye mpangilio wa skrini. Anza na sumaku: iwe karibu na sensa, milimita kadhaa tu, na isiwe imelala upande.

Msaada unapotea na kurudi kwenye mwendo wowote. Hiyo si habari ya kikomo. Kagua waya wa sensa na vumbi kwenye plagi za betri.

Inakuwa nzito baada ya mteremko mrefu. Breki zimepata moto na pedi hazijarudi. Simama, subiri zipoe, zungusha gurudumu usikilize.

Ukiwa na kundi la baiskeli za kawaida. Wao wanakwenda 30 wakikingana upepo, na wewe unaweza kukaa nyuma yao kwa nguvu ndogo kuliko ukiwa peke yako. Kaa mwisho wa msururu. Mlimani mota itakusukuma kwa nguvu wao wanapopunguza mwendo, na ukiwa katikati utamgonga wa mbele. Kwenye tambarare utaachwa na mota na kufungua pengo kwa wa nyuma. Mwambie kiongozi wa kundi kikomo chako kabla hamjatoka, na aliye mbele yako ajue kwamba nyuma yake kuna mota.